Shikamoo isiyoitikiwa

Ndugu uliyeuliza kama uanze wewe kumsemesha kaka yako aliyeuza shamba la marehemu baba yenu, nami yalinikuta, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Baba alituachia shamba la michungwa huko Muheza. Kaka yangu, aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, aliuza ekari tatu mwaka 2014 bila kutuambia. Mimi nilizipata habari kwa mnunuzi mwenyewe, aliponikuta nikichuma machungwa akaniuliza kwa adabu nimepewa ruhusa na nani. Kwa miaka sita sikumsemesha kaka. Chuki ile, nakiri, ilikuwa na raha yake: haikunidai chochote, na kila nilipoyasimulia yaliyotokea, mwenye haki nilikuwa mimi.

Mwaka 2020 nilikwenda kwake bila kutanguliza mtu. Nilimkuta uani ameipindua baiskeli, anarudishia mnyororo. Nikasema, "Shikamoo, kaka." Hakuitikia. Unajua shikamoo isiyoitikiwa inavyomwacha mtu mzima amesimama kama mtoto. Wifi alitoka na kigoda, akakiweka, akarudi ndani haraka. Kaka akauliza bila kuinua uso, "Umeleta karatasi?" Alidhani ni samansi. Nikamwambia sina karatasi, na kwamba ekari zile hazikuniuma kama kuulizwa na mgeni ninafanya nini shambani kwa baba yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumtajia fedha. Hilo la kuaibika sikulipanga, lilinitoka tu, na sauti ikakatika. Aliendelea kuzungusha pedali ilhali mnyororo ulikwisha kukaa. Kisha akasema, "Marahaba."

Hakuomba radhi siku ile, wala hajaomba hadi leo. Wanaosema kwamba ukimwendea mtu kwa upendo lazima alainike, labda walikwenda kwa ndugu wengine. Wala haki yangu sikuiacha: baadaye nilimtaka awasilishe mahakamani hesabu ya mgawo, kama msimamizi anavyopaswa, akanuna mwezi mzima, kisha akaiwasilisha. Siku hizi hunipigia simu michungwa inapoanza kuiva.

Usingoje basi hasira ikuishe ndipo uende. Yangu niliibeba hadi kwenye kile kigoda. Ila usiende na mashahidi, wala usimvizie msibani au harusini, ambako atalazimika kukuchekea kwa ajili ya watu. Nenda siku ya kawaida, ambayo anaweza hata kukufukuza.