Mwambie avue soksi

Wauguzi mnaoanza kliniki ya figo, karibuni. Mgonjwa aliyepandikizwa figo akija kupima damu, mwombe avue viatu na soksi, umkague dalili za saratani ya ngozi.

Hapa Tanzania upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata mwaka 2018. Wengi waliotangulia walipandikizwa India. Wote wanameza dawa za kushusha kinga, takrolimasi na nyinginezo, ili mwili usiikatae figo. Lakini kinga hiyo hiyo ndiyo inayowinda seli za saratani na kuvibana virusi. Ikishuka, ngozi inabaki bila mlinzi.

Vipeperushi vya saratani ya ngozi nilivyovikuta vilikuwa na picha za Wazungu: kidonda sikioni, doa jekundu puani, maonyo ya jua. Kwao ni kweli, na kwa mgonjwa mwenye ualbino ni muhimu mno. Kwenye ngozi nyeusi, saratani mara nyingi hutokea mahali jua halifiki: nyayo, viganja, chini ya kucha, sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa. Tena kuna sarakoma ya Kaposi, saratani inayoletwa na kirusi, na kirusi hicho kimeenea sana huku kwetu. Huja kama madoa ya zambarau au meusi, mara nyingi miguuni, pengine kwenye kaakaa, na kwa kuwa mwanzoni hayaumi, mtu hayajali.

Kuna mzee nilimfundisha kwa kipeperushi, akaitikia kila neno. Miezi mitatu baadaye binti yake, akimkata kucha za miguu, akaona kwenye unyayo doa mfano wa tone la wino. Mzee alidhani ni rangi ya viatu vipya. Uso na mikono alikuwa akivikagua kila siku, kama nilivyomwelekeza. Kipimo kikasema Kaposi. Daktari alimbadilishia dawa, akampa sirolimasi, ambayo nayo hushusha kinga, na doa likafifia polepole. Si kila mgonjwa anapata nafuu hiyo, ndiyo maana jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo usimuulize “umeelewa?” Mzee hawezi kukuambia hapana. Mpe kioo kidogo, mwambie, “Baba, nionyeshe utakavyoangalia nyumbani.” Utamwona anavyohangaika kukunja mguu, na hapo ndipo mtapanga nani atamsaidia kuangalia nyayo na mgongo. Mara moja kwa mwezi inatosha, siku anayochukua dawa, baada ya kuoga. Akiona doa, alipige picha na sarafu kando yake, mwezi ujao alinganishe. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, chunjua inayotoa damu au mstari mweusi mpya kwenye ukucha visisubiri tarehe ya kliniki.

Sehemu za siri zina aibu yake. Funga mlango, mtafute muuguzi wa jinsia yake, shusha sauti, lakini usiziruke.

Na neno saratani litamkeni kwa uangalifu. Mgonjwa akisikia kwamba dawa zinaongeza hatari, anaweza kuziacha kimyakimya, na figo aliyopewa na dada yake ikafa. Mwambie waziwazi kwamba dawa haachi wala hapunguzi mwenyewe. Daktari ndiye anayebadilisha. Mwambie hivyo tena anapofunga kamba za viatu.