Vipele vya mume vinavyorudi: je, ni ushahidi wa zinaa?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Ninaishi Uyole, Mbeya, na nina mimba ya miezi sita. Mume wangu ni dereva wa lori la viazi kati ya huku na Dar es Salaam. Tangu mwaka jana anatokwa na vipele sehemu za siri, vinakauka, kisha vinarudi, hasa wakati wa baridi. Yeye anasema ni wembe. Jirani yangu ameniambia kwamba vipele vya mahali hapo ni alama ambayo Allah humwekea mzinifu, na kwamba hata hivyo siruhusiwi kumnyima mume kitanda, nisije nikalaaniwa na malaika. Sina raha, hata simu yake natamani kuipekua. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Dada yangu, pole sana. Nimelitanguliza swali lako kwa sababu maneno ya jirani yako si yake peke yake. Nimeyasikia pia kwenye mihadhara, na yana makosa mawili ambayo yakikutana humponda mwanamke: la kwanza linamjaza dhana juu ya mumewe, na la pili linamlazimisha alale na kile kile anachokiogopa.

Nianze na hiyo inayoitwa alama ya mzinifu. Hakuna Aya wala Hadithi inayosema hivyo. Zinaa katika sheria yetu inathibitishwa kwa mashahidi wanne au kwa kukiri kwa mtendaji mwenyewe, na anayemtuhumu mtu bila mashahidi hao, Sura An-Nur, Aya ya 4, imemwekea viboko themanini na kuukataa ushahidi wake. Mwili wa mtu haujatajwa miongoni mwa mashahidi hao. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba mtu mmoja wa Banu Fazara alimwendea Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume hakumuuliza habari za mkewe. Alimuuliza habari za ngamia wake. Ni wa rangi gani? Akasema wekundu. Je, yumo wa kijivujivu? Akasema wamo. Wametoka wapi? Akasema huenda ni asili ya zamani imewavuta. Mtume akamwambia: na huyu mwanao huenda asili imemvuta. Yule bwana alikuwa na kitu anachokiona kwa macho yake, tena kinachomhusu yeye mwenyewe, na bado hakuruhusiwa kukigeuza kuwa hukumu. Sasa jirani, ambaye vipele vyenyewe hajaviona, ameipata wapi hukumu yake?

Tena vipele vya mahali hapo vina sababu nyingi. Anayenyoa kwa wembe hupata vipele vyenye usaha kwenye mashina ya nywele, na maelezo ya mumeo yanaweza kuwa kweli. (Kunyoa ni sunna, na Hadithi ya Anas imeweka ukomo wa kutozidisha siku arobaini bila kunyoa, lakini anayeumizwa na wembe akipunguza kwa mkasi hapati dhambi.) Upele wa kuwasha nao hukaa huko. Masundosundo ni vinyama vinavyoota bila maumivu. Kaswende kwa kawaida huanza na kidonda kimoja kisichouma, ambacho hupona chenyewe huku ugonjwa ukibaki kwenye damu. Malengelenge ya sehemu za siri ndiyo yenye tabia ya kurudi: ngozi huchoma au kuwasha kwanza, hutoka vilengelenge vidogo vyenye maji, hupasuka, hukauka, na baada ya muda huibuka karibu na pale pale, aghalabu mwili unapochoka au kuugua. Virusi vyake hujificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka, na wengi walio navyo hawajui. Kwa hiyo hata daktari akisema ni malengelenge, majibu hayo hayasemi yaliingia lini: huenda ni kabla ya ndoa yenu, na aina mojawapo huweza kutoka mdomoni mwa mtu mwenye vidonda vya homa. Udereva nao si ushahidi. Watu wa kwetu wamezoea kumhesabia kila dereva anayelala njiani, Makambako au Ipogolo, mke wa pembeni, na hiyo ndiyo dhana iliyokatazwa katika Sura Al-Hujurat, Aya ya 12, ambayo papo hapo imekataza na kupeleleza. Simu iache.

Lakini kumdhania mema mume si kufumba macho. Hapa ndipo kosa la pili la jirani yako linaponitia uchungu zaidi. Hadithi ya malaika kumlaani mke anayekataa wito wa mumewe ni sahihi, ila inamhusu anayekataa bila udhuru, na kuogopa maradhi yenye dalili za wazi ni udhuru. Mtume amesema katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wazima. Ikiwa amewahurumia ngamia wa watu, atamlazimisha mja mzito? Basi hadi mumeo apimwe, una haki ya kujizuia, hasa siku ambazo vipele vimetoka, na huna dhambi. Akitaka kondomu itumike siku nyingine, inafaa, ingawa kwa malengelenge na masundosundo hupunguza hatari tu, kwa sababu haifuniki ngozi yote.

Mwambie kwa upole, akiwa amepumzika na safari, si mbele ya watu: “Baba, twende wote kliniki, kwa ajili ya mtoto.” Usimwambie “umenileta nini nyumbani.” Aende vipele vikiwa bado vibichi, kwa sababu vikikauka mganga hana cha kuangalia, na aache kujipaka tyubu za dukani. Kumwonyesha mganga uchi kwa matibabu kunaruhusiwa. Mpime na VVU pamoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, ndiyo mikoa iliyoongoza nchini, na katika hali hiyo kupima si kumtuhumu mtu. Ikiwa ni kaswende, sindano za penisilini huitibu, nanyi mtibiwe wote wawili. Ikiwa ni malengelenge, hayaondoki kabisa, lakini zipo dawa za kuyafupisha na kuyapunguza, na watu huishi nayo katika ndoa zao. Akikataa kabisa kupima, hapo waite wazee wa pande zote mbili, bila kutaja zinaa.

Wewe mwenyewe usisubiri majibu yake. Kwenye kliniki ya wajawazito mwambie mkunga habari hizi waziwazi, na ukiona vilengelenge au vidonda kwako, hasa miezi ya mwisho, nenda siku hiyo hiyo, kwa maana mtoto anaweza kuambukizwa anapozaliwa, na madaktari wakijua mapema wana njia ya kumkinga, ikiwemo upasuaji. Na jirani, usimpelekee tena habari za chumbani kwenu.

Wallahu a'lam.