Betri ya Trela: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Betri yangu ya kwanza ya trela la kulala safarini ilikuwa betri ya gari. Ilikuwa mpya, imejaa, bei yake nafuu, nikaona nimepatia. Haikumaliza msimu. Nakuandikia wewe unayeanza kwa sababu betri ile haikuwa mbovu. Niliipa kazi isiyo yake.

Betri ya gari imeundwa kumwaga umeme mwingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha alternata iirudishie papo hapo. Sahani zake za madini ya risasi ni nyembamba na nyingi. Trela linataka kinyume chake: umeme kidogo kidogo usiku kucha, betri ishuke sana, kesho ijazwe tena. Kazi hiyo inataka betri yenye sahani nene, ile ambayo wengi huiita betri ya sola. Ukitaka ya risasi, usikubali nyingine, hata ukipewa bure.

Kabla ya kuuliza ununue kubwa kiasi gani, kaa na karatasi. Andika kila kifaa, ampea zake, na saa utakazokitumia. Kikiandikwa wati tu, gawanya kwa 12, yaani volti za betri. Feni ya ampea 2 kwa saa 8 ni ampea-saa 16. Taa za LED jioni nzima, kama 4. Pampu ya maji hula ampea 5 hivi, lakini hufanya kazi dakika chache tu, kwa hiyo 1. Simu mbili, 3. Hapo una 24 kwa siku. Ukiongeza friji ndogo ya kompresa, weka 35 nyingine, na joto likizidi weka zaidi. Jumla ni karibu 60.

Sasa sikiliza hapa, ndipo wengi tulipojikwaa. Betri ya risasi iliyoandikwa ampea-saa 100 haikupi 100. Ukitaka iishi miaka, tumia nusu tu, yaani 50. Kwa hiyo mwenye friji hapa juu hawezi kumaliza siku salama na betri moja ya namna hiyo. Lithiamu, ile ya chuma na fosfeti inayouzwa kwa ajili ya matrela, inakuruhusu kutumia 80 au zaidi bila kuumia. Uzito nao ufikirie: betri ya risasi ya 100 ina karibu kilo 30, ya lithiamu kama 12, na kwa kawaida betri hukaa pale mbele kwenye mkono wa kuvutia trela, mahali ambapo kila kilo inahesabiwa.

Je, ununue lithiamu basi? Kama unalala mara nyingi mahali pasipo na umeme, naam, na gharama yake itajilipa. Kama safari zako ni chache na kila kambi ina soketi ya kuchomeka, betri ya risasi inakutosha kabisa. Ila ukihamia lithiamu, angalia kwanza kama chaja iliyomo kwenye trela inaikubali. Pia usiichaji ikiwa baridi imeshuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maana seli zake huharibika kwa ndani na hazirudi.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ndiyo huvuruga hesabu za wengi. Birika la wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 80 kwenye betri ya volti 12, na dakika 10 tu zimekula kama ampea-saa 15. Mimi nachemshia maji kwenye jiko la gesi.

Nikirudi kwenye betri za risasi: nyingi hufa kwa njaa. Zinapoachwa nusu tupu kwa siku nyingi, chumvi ya salfeti huganda kwenye sahani, ikakomaa, na baada ya hapo chaja haiwezi tena kuiyeyusha yote. Tatizo ni kwamba kujaza ile asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nyingi. Watu huwasha jenereta kwa saa moja, wakaona mita imepanda, wakazima, na kesho yake hivyo hivyo. Betri haijapata kushiba hata siku moja. Waya mwembamba utokao kwenye gari linalovuta nao husaidia kidogo tu. Kinachofaa ni paneli ya sola yenye kidhibiti chaji kizuri, kwa sababu inaendelea polepole mchana kutwa, na hiyo ndiyo subira ambayo asilimia za mwisho zinaitaka.

Nunua mita ya volti. Iache betri ya risasi itulie saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika, ndipo upime: 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, simama hapo. Kwa lithiamu njia hii hudanganya, volti zake hazibadiliki sana mpaka karibu na mwisho. Hiyo inataka kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, fungua vifuniko kila mwezi. Weka maji yasiyo na madini, kamwe usiongeze tindikali. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na yanaweza kufurika; sahani zikiwa zimeonekana, zifunike kidogo kwanza. Vaa miwani ya kukinga macho, na sanduku la betri liwe na matundu ya hewa, maana gesi ya haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche ndogo tu. Ukifungua nyaya anza na hasi, ukifunga malizia na hasi. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya. Waya wote ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi.

Unapoegesha trela kwa miezi, kuzima taa hakutoshi. Kifaa cha kunusa gesi na kumbukumbu ya redio huendelea kunywa umeme kimyakimya. Ijaze betri ya risasi, ichomoe waya wa hasi, kisha irudishie chaji kila mwezi. Kwenye baridi kali hili ni la lazima: betri iliyoisha chaji huganda na kupasuka, iliyojaa haigandi. Lithiamu iache karibu nusu, nayo uichomoe.