Picha kwa hisani ya mtandao: maswali yenu kuhusu kazi zinazotumiwa bila ruhusa

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinafanana kwa jambo moja: aliyeandika anajua wazi kwamba kitu chake kimechukuliwa, ila hajui amlalamikie nani wala adai nini. Nimechagua tano.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga. Nimeikuta picha yangu ya bibi harusi kwenye tangazo la saluni ya Mwanza huko Instagram, jina langu likiwa limekatwa. Nilipowaandikia, walinijibu kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha wote, na tena sikuwa nimeisajili. Ni kweli?

Yote mawili si kweli, ndugu yangu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki huanza pale kazi inapofanywa, wala haingoji cheti. Unapoweka picha Instagram, unaipa kampuni yenye mtandao huo leseni ya kuitumia. Saluni haimo katika mapatano hayo. Mpiga picha wa Haiti, Daniel Morel, alikumbana na hoja kama hiyo baada ya kuziweka kwenye Twitter picha zake za tetemeko la ardhi la Januari 2010. Shirika la habari la AFP na kampuni ya Getty Images walizisambaza bila idhini yake, na AFP ikadai mahakamani kwamba masharti ya Twitter yaliiruhusu kufanya hivyo. Mahakama ya New York ilikataa, na mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamuru alipwe dola milioni 1.2.

Kwa hiyo haki unayo. Kinachowaangusha wengi ni ushahidi. Litafute faili la asili, lile lililotoka kwenye kamera, kwa kuwa hubeba tarehe na aina ya kamera, tena ni kubwa kuliko nakala yoyote aliyonayo mwingine. Usitegemee ile uliyomtumia mteja kwa WhatsApp, kwani picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na maelezo hayo hupotea. Tangazo lao lipige picha ya skrini leo, anwani na tarehe zikionekana, kwa sababu umekwisha kuwashtua na wanaweza kulifuta wakati wowote. Kisha amua unataka nini: waiondoe, waandike jina lako, au walipe? Kama ni malipo, watumie ankara yenye bei ambayo ungemtoza mteja yeyote wa tangazo, na siku ya mwisho ya kulipa. Barua inayolalamika tu, bila kuomba jambo mahususi, hujibiwa kwa pole.

Neno moja la pembeni: usome mkataba wako na bibi harusi. Nchini Kenya, kwa mfano, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapiga picha wengi hufanya kazi kwa makubaliano ya mdomo, na siku ya mzozo kila mmoja hukumbuka lake.

Ninaandika hadithi ya mfululizo kwenye Facebook. Kuna kaka anaikusanya, anaifanya PDF yenye jina lake, na kuiuza kwenye makundi ya WhatsApp kwa shilingi elfu moja. Akifungiwa kundi moja anafungua jingine. Nimechoka. (Dada wa Morogoro)

Pole sana dada. Hapa kuna milango miwili tofauti, na wengi huchoka kwa sababu wanagonga mmoja tu.

Yale anayoyaweka hadharani Facebook yaripoti kwa fomu ya hakimiliki, usibonyeze tu kitufe cha kuripoti tabia mbaya. Fomu hiyo inafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayoitaka kampuni iondoe kazi iliyolalamikiwa ikipata taarifa kamili: kazi yako ni ipi, nakala iko kwenye kiungo gani, wewe ni nani, na tamko kwamba unachosema ni kweli. Jaza kwa uangalifu, kwa kuwa tamko hilo lina uzito wa kiapo. Ujue pia kwamba mlalamikiwa anaruhusiwa kupinga, na akipinga, kazi inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipokuwa umefungua shauri.

WhatsApp ni jambo jingine, maana ujumbe wake umefungwa kwa msimbo na kampuni yenyewe haiusomi. Huko ifuate pesa. Mwombe mtu unayemwamini ainunue hiyo PDF kama mteja mwingine, atunze faili, mazungumzo na ujumbe wa muamala. Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na jina la mpokeaji hutokea pale unapotuma pesa. Huyo kaka anayejificha nyuma ya jina la kubuni amelazimika kuliweka jina lake kwenye kila risiti. Ukiwa na risiti hizo pamoja na rasimu zako zenye tarehe, nenda Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Usajili si sharti la kuwa na haki, lakini hadithi ndefu inayokuingizia kipato ningeisajili, kwa sababu cheti hukupunguzia maelezo mbele ya polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa uvunjaji wa haki za aina hii.

Namba yake ya simu usiianike kwenye ukurasa wako, hata wasomaji wakikusihi. Utageuka mlalamikiwa.

Picha yangu inatumika kutangaza dawa ya kupunguza unene. Dawa hiyo siijui, na picha alinipiga rafiki yangu. Nidai kama nani? (Mombasa)

Hakimiliki ya picha ni ya rafiki yako. Sura ni yako. Kwa hiyo madai ni mawili, na lako ni la taarifa binafsi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Lipeleke kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye Septemba 2023 aliitoza faini ya shilingi 1,850,000 klabu moja ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Rafiki yako naye aripoti kwa njia ya hakimiliki, ambayo mara nyingi ndiyo inayoondoa tangazo upesi. Wasomaji wa Tanzania wanayo sheria inayofanana na hiyo, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuna mtu ameiga mapishi yangu ya biriani, ila ameyaandika kwa maneno yake na kwa picha zake.

Hapo huna dai. Sheria hulinda namna ulivyoandika, hailindi mchele na vitunguu.

Nina ukurasa wa habari za mtaa hapa Unguja. Picha nachukua Google na kuandika “picha kwa hisani ya mtandao”. Nimeambiwa inatosha. Kweli?

Haitoshi, na nakushukuru kwa kuuliza, maana wanaofanya hivyo hawaulizi. Hisani hutolewa na mtu, na mtandao si mtu. Google nayo inaonyesha tu picha ilipo, haiimiliki. Hata ukiandika jina la mpiga picha, umetimiza wajibu mmoja. Ruhusa ni wajibu mwingine, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Piga mwenyewe, omba, au tumia Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha ambazo wenyewe wameruhusu zitumike, ukisoma chini ya kila picha masharti aliyoweka mwenyewe. Zile ulizokwisha kuziweka, anza kuzitoa hizo zinazosindikiza matangazo ya kulipiwa, kisha tafuta wenye nyingine kwa Google Lens au TinEye, zana zinazoonyesha picha ilikotokea mtandaoni, uwaandikie kabla hawajakuandikia wao.