Jibu: Mkuu wa Mawaziri hawezi kumfuta waziri

Habari ndugu wa Nyando. Umeuliza kama kikundi chenu cha wakulima wa mpunga kinaweza kumwandikia Mkuu wa Mawaziri (Prime Cabinet Secretary) amfute waziri aliyewapuuza. Hapana. Hicho si cheo cha Waziri Mkuu alichokuwa nacho Raila hadi 2013. Cheo hicho cha Mkuu wa Mawaziri hakimo hata kwenye Katiba ya Kenya. Anayefuta ni Rais.

Bunge nalo linaweza kumtaka Rais amfute, lakini kwanza angalieni sababu zilizo kwenye kifungu cha 152 cha Katiba: ukiukaji mkubwa wa sheria, uhalifu, au utovu mkubwa wa maadili. Kupuuzwa tu hakutoshi. Hoja inahitaji robo ya wabunge kuileta, theluthi kuiunga, ndipo kamati ya watu 11 ichunguze kwa siku 10. Mithika Linturi, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, alifikishwa hapo 2024 kwa ajili ya mbolea feki, akanusurika.

Mimi ningepeleka ombi bungeni, kifungu cha 119. Letu la Ahero lilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu hatukuonyesha kwamba tulianza na wizara. Barua zenu za wizarani ziko wapi? Nakala zina muhuri wa kupokelewa? Kama hazina, usipoteze nauli ya Nairobi. Kamati ikimwita waziri, lazima afike, na hapo ndipo simu huanza kushikwa, niamini.