Nikifumba macho nitulie, madeni ndiyo yanakuja

SWALI: Nimeanza zoezi la kutuliza akili kwa pumzi nikiwa kwenye daladala kutoka Mbagala. Napata kizunguzungu, na nikifumba macho nawaza madeni tu. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kizunguzungu hutokea ukivuta hewa nyingi kwa haraka, hewa ukaa ikapungua mno kwenye damu. Weka kiganja juu ya kitovu. Tumbo ndilo liinuke, si mabega. Vuta kwa pua, polepole, ukihesabu hadi 4, toa hadi 6. Usiikatishe pumzi ya kutoa, maana ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Dakika 3 zinatosha kuanzia.

Macho yaache wazi. Sikilizia nyayo: kisigino kinavyokandamiza kiatu, mtetemo wa injini unavyopanda miguuni. Deni likija akilini, usilifukuze. Sema kimoyomoyo "nawaza deni", kisha rudi kwenye nyayo. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe, hata ukirudi mara 20, na wengi huacha hapa wakidhani wameshindwa. Madeni yenyewe yapangie muda jioni, na daftari mkononi.

Usingizi ukikupaa zaidi ya wiki 2, tafadhali nenda kituo cha afya.