Usichome karatasi za babu yako

Mvumi, Chamwino

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mtama umeshavunwa, na mama yako mdogo anakusalimu.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mnabomoa chumba cha uani hapo Kizota, na sanduku la bati la babu yako halina pa kukaa. Ukaniuliza: "Mama, nikipiga picha kila kitu nikaweka kwenye simu, karatasi zenyewe za nini tena?" Piga picha zote, hilo nakuunga mkono. Zilizochapwa tutazichambua na nyingi zitachomwa. Zilizoandikwa kwa mkono usichome hata moja mpaka nifike.

Wala usidhani nina ugomvi na simu. Nimestaafu nikiwa masjala, nayajua majalada yanavyopotea njiani kati ya meza na meza, kwa hiyo nikisikia ofisi za serikali kule Mtumba sasa zinapitisha mambo yao kwenye kompyuta nafurahi kwa ajili ya makarani wa leo. Lakini umri wangu wote wa kazi nimesoma madokezo ya watu. Afisa anaandika kwa mkono wake, anatia saini na tarehe, wa pili anajibu chini yake. Miaka ikipita, mgogoro wa kiwanja au wa cheo ukizuka, watu wanalitaka jalada lenyewe. Wanataka kujua nani aliandika, lini, na lile neno lililokatwa lilikuwa lipi. Mkubwa alianza na "nakubali", akapiga mstari, akaandika "tusubiri". Kwenye barua iliyochapwa ungeona "tusubiri" peke yake, usijue kuwa mtu huyo alikuwa na mashaka.

Hata mahakamani, Sheria yetu ya Ushahidi inataka waraka uthibitishwe kwa karatasi yenyewe, ukiacha mazingira ambayo sheria imeruhusu nakala. Ni kweli, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeupa nafasi ushahidi wa simu na kompyuta. Lakini mtaalamu wa miandiko anatazama mkandamizo wa kalamu, pale ilipoinuliwa, pale ilipositasita. Mkandamizo haupigiki picha ya simu ukabaki vilevile.

Sasa ingiza mkono chini kabisa ya sanduku. Kuna daftari lililofungwa kwa kitambaa cha kaniki. Hilo ni daftari la ngumbaru la babu yako. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wakati huohuo Operesheni Dodoma ilikuwa inawahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Baba yangu alipatwa na yote mawili pamoja: akajenga upya, akaanza kusoma. Jioni akishafunga ng'ombe alikwenda chini ya mbuyu, mwalimu wake kijana aliyemaliza darasa la saba.

Kurasa za kwanza herufi zinapanda na kushuka kama mbuzi wanaotoka zizini. Kalamu ya risasi ameikandamiza mpaka pengine imetoboa. Geuza ukurasa, pitisha kidole nyuma yake, utazigusa herufi zimetuna. Fanya hivyo, mwanangu, usipite haraka. Mkono ule ulizoea jembe na fimbo ya kuchungia, na hapo unajifunza kuzungusha "a". Ukifika katikati ya daftari mwandiko unatulia, na baba anaacha kunakili sentensi za mwalimu kuhusu kilimo bora. Anaanza kuandika ya kwake: ng'ombe aliyemkopesha jirani, siku mvua ilipoanza, nani kafariki. Kisha jina la mama yako mdogo, na tarehe.

Hiyo ndiyo tarehe ya kwanza ya kuzaliwa iliyoandikwa katika ukoo wetu. Kabla yake umri wetu ulihesabiwa kwa njaa. Bibi yangu tulijua tu kwamba alikuwa binti mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoifyeka Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Cheti cha kuzaliwa cha mama yako mdogo kilikuja baadaye sana, na tarehe yake ilitoka kwenye daftari hilo. Picha itakupa jina na tarehe. Haitakupa ule utuno kwenye kidole, na mimi naona huko ndiko baba yangu alipo.

Humo pia kuna barua ya posa ya marehemu baba yako. Aliiandika mwenyewe, na mjomba alipoisoma mbele ya wazee mtu wa kwanza aliuliza ni mwandiko wa nani. Wewe mwenyewe ulipopeleka posa kwa kina mkeo, ilikuwa karatasi kwenye bahasha, na hakuna aliyependekeza utume ujumbe wa simu. Picha za mahafali yako ya Chuo Kikuu cha Dodoma, nikumbushe, ziko wapi? Zilikwenda na simu.

Na mjukuu wangu umesema anapenda kuchezea herufi kwenye kioo. Acheze, ila awe na daftari. Kule Trondheim, Norway, watafiti waliwavika wanafunzi 36 kofia za kupima umeme wa ubongo, na matokeo yakatoka 2024: walipoandika kwa mkono, sehemu za ubongo ziliwasiliana kwa upana kuliko walipobonyeza vitufe.

Kuhusu kazi yenyewe. Risiti za madukani, za mashine za EFD, zimechapwa kwa joto, na joto hilohilo linazifuta, hasa ndani ya bati chini ya jua la Dodoma. Zenye umuhimu zitolee kopi kwanza; zilizogeuka nyeupe, tupa. Ng'oa pini na stepla, zina kutu. Usipeleke kitu kupigwa lamineshoni, na usiunganishe palipochanika kwa selotepu, gundi yake inageuka kahawia na kula karatasi. Ukavu wetu unasaidia, karatasi huku hazipati ukungu kama za pwani, lakini mchwa hawana huruma. Sanduku likae juu ya matofali, lisiguse ukuta. Bahasha ya kaki iliyobandikwa na kusainiwa pale ilipofungiwa ni wosia wangu. Hiyo usiifungue wala usiipige picha.

Nitakuja Jumamosi. Zile picha za zamani zitoe zote uzipange mezani, tuandike nyuma yake majina ya waliomo, maana waliobaki wanaowatambua ni mimi na mama yako mdogo. Nunua kalamu laini za risasi. Za wino zinapenya upande wa pili.

Mama yako